Mita Tano kwa Tano

11 Machi

Nimefika. Chumba kiko nyuma ya karakana ya fundi cherehani: kitanda, meza, ndoano tatu ukutani na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Cherehani inaunguruma tangu asubuhi. Dada amepiga simu kuuliza kama nimefika. Nikamwambia nimefika. Akauliza pakoje. Nikasema pako sawa. Baada ya hapo tukaagana.

Niliomba mwenyewe kuja huku msimu mzima, na ofisini walidhani nimechanganyikiwa. Sikuwaambia kwamba tangu Mama afariki ile nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba naisikia friji ikiwaka na kuzima. Miaka tisa nilimuuguza. Sasa nina muda mwingi na sijui niupeleke wapi.

14 Machi

Mkuu wa ofisi anacheka kabla hajasema jambo, kwa hiyo unacheka naye halafu unaambiwa hakuna gari. Kuna pikipiki moja na Bwana Shamba mmoja, mtu mzima mwenye miguu mirefu, ambaye amezunguka mashamba haya miaka kumi na tisa. Mkuu ananiita Mama Takwimu.

Niiandike kazi yenyewe hapa, maana hata Dada haijui. Natakiwa kukadiria mavuno ya mahindi ya wilaya nzima bila kupima wilaya nzima. Tunachagua mashamba sitini kwa bahati nasibu. Katika kila shamba tunapima mraba mmoja, mita tano kwa tano, mahali palipoamuliwa na namba na si macho ya mtu. Tunavuna mraba, tunapima uzito, tunapiga hesabu. Wilaya ikipata chini ya magunia manne ya kilo mia kwa eka inaingia kwenye orodha ya mgao wa chakula. Ikizidi, haiingii. Orodha inafungwa tarehe 31 Julai, na kila mwaka inafungwa kweli.

19 Machi

Mvua. Nimekula peke yangu, nikaosha sahani moja.

2 Aprili

Mvua kila siku. Mto umekata barabara ya upande wa mashariki mara mbili wiki hii. Nikipiga hesabu za safari na pikipiki moja, wakati wa mavuno hatutafika mashamba sitini hata tukikesha. Kwa kawaida mraba huchaguliwa siku ileile ya kuvuna. Unafika, unachomoa namba, unahesabu hatua, unafunga kamba, unavuna. Kazi ya siku nzima kwa shamba moja.

Nimepata wazo. Tutachagua miraba sasa hivi, mahindi yakiwa magotini, tupige vigingi na kufunga kamba. Wakati wa mavuno itabaki kuvuna na kupima tu. Nimewaandikia makao makuu barua ya kurasa tatu, nao wamejibu neno moja: Endelea. Nimefurahi mno, kwa kweli. Ni muda mrefu sijafikiria kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa amekifikiria.

9 Aprili

Shamba la nane. Mwenyewe ni Mama Pacha, mjane, umri kama wangu, mapacha wake wameolewa mbali. Nyumba iko kando ya barabara, mwendo wa dakika ishirini kutoka chumbani kwangu, na shamba liko nyuma yake, ng'ambo ya mteremko.

Namba zilisema hatua thelathini na moja kutoka kona, kisha kumi na mbili kuingia ndani. Tukaangukia penye mawe.

"Hapa sipo," akasema Mama Pacha. "Sogeza kidogo kushoto. Pale mahindi yana afya."

"Siwezi, mama. Namba ndizo zimesema."

"Namba zimeliona shamba langu lini?"

Bwana Shamba akageuka kuficha kicheko. Nikamweleza kwa ustaarabu kwamba nikichagua mahali pazuri nitakuwa nasema uongo kuhusu shamba lake na la kila mtu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Haya. Lakini ujue umepiga vigingi kwenye aibu yangu."

Akatushikia kamba mwenyewe. Nilimwambia, kama ninavyowaambia wote, kwamba ndani ya kamba asivune hadi nije mimi. Akauliza, "Kwa hiyo hapa ndani ni pako?" Nikasema kwa namna fulani, ndiyo.

20 Aprili

Mashamba arobaini na moja. Matope hadi kiunoni. Bwana Shamba aliniangusha na pikipiki mara moja, kisha akanilaumu kwamba nakaa kama gunia.

28 Aprili

Yametimia sitini. Njiani watoto wananiita Mama Mraba. Jina limetangulia, maana nimeitwa hivyo hata kwenye kijiji ambacho sijawahi kukanyaga.

Jumapili, Dada amepiga. Anasema nirudi nikae kwake, chumba cha uani kipo. Nikamwambia nina kazi. "Kazi ya kupima mahindi?" Ndiyo, Dada, ya kupima mahindi.

8 Mei

Leo haikunyesha.

12 Mei

Haikunyesha.

16 Mei

Haikunyesha. Mkuu anasema itarudi. Alicheka kwanza.

18 Mei

Jumamosi. Nilitoka kwenda kununua sabuni, miguu ikanipeleka hadi kwa Mama Pacha. Nilijiandaa kusema nimekuja kukagua vigingi, ila hakuuliza. Alinipa kigoda na ungo wa maharage, tukachambua. Alinisimulia jinsi mapacha wake walivyokuwa wakibadilishana adhabu shuleni. Nimecheka hadi nikashika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Sikwenda shambani. Nina kanuni kwamba mraba hauguswi wala haukaguliwi kabla ya mavuno, usije ukaathiriwa na mtafiti. Kanuni nimeitunga mwenyewe.

25 Mei

Haikunyesha. Kwa Mama Pacha tena. Ameniuliza kwa nini sikuolewa, nami nikamjibu, jambo ambalo huwa silifanyi. Kisha akauliza kama huko nilikotoka kuna anayenisubiri. Nikafikiri kidogo. Nikasema friji. Alicheka, halafu akaacha ghafla, akaniangalia.

3 Juni

Jani la mahindi barabarani limejikunja. Kila ninayekutana naye ananiambia mwaka huu hakuna kitu. Naandika ninayoyasikia, lakini siyaingizi kwenye hesabu. Maneno ya watu si vipimo.

8 Juni

Mama Pacha hakuwepo nyumbani. Jirani alisema amekwenda kisimani, na ni mara ya tatu leo. Nikasubiri saa nzima, kisha nikarudi. Nimekasirika kama mtu aliyevunjiwa ahadi, na ahadi yenyewe haikuwepo.

22 Juni

Haikunyesha. Sina la kuandika. Nimemkumbuka Mama.

6 Julai

Tumeanza kuvuna miraba. Kilo 5.1. Kilo 5.3. Kilo 4.9. Nilitarajia mbili, au pungufu. Bwana Shamba huenda mashambani peke yake, maana na magunia pikipiki haina nafasi yangu, nami napima ofisini.

9 Julai

5.2, 5.0, 5.5, 5.2. Haya ni magunia manane na kitu kwa eka. Nimewaonea hasira watu wa huku, nikiri. Miezi miwili wananililia kwamba hakuna kitu, kumbe wanatia chumvi. Labda kila mwaka wanalia hivi, wapewe cha bure. Nilianza kuwapenda, na sasa najiona nimechezewa.

12 Julai

Miraba arobaini na saba. Mkuu ameshindwa kujizuia, ametuma namba ya awali makao makuu: magunia manane kwa eka, wilaya ina ziada. Tumetolewa kwenye orodha. Amenipongeza mbele ya ofisi nzima kwamba hajawahi kuona takwimu zilizonyooka namna hii.

Neno hilo ndilo linanisumbua. Zimenyooka. Nimeketi nazo mezani mchana kutwa. Mraba wa chini kabisa ni 4.8, wa juu 5.7. Kwenye mawe, bondeni, kwa tajiri, kwa maskini, kote ni tano na kidogo. Mashamba hayafanani hivyo. Hata shamba moja halifanani na lenyewe kutoka kona hadi kona. Miaka ishirini na miwili nimefundisha vijana waogope namba zinazofanana kuliko namba mbaya, nami nimepokea pongezi.

13 Julai

Niandike polepole.

Leo ilikuwa zamu ya Mama Pacha, na safari hii nilikwenda mwenyewe na Bwana Shamba na mizani. Tulifika asubuhi. Tulipita nyuma ya nyumba, tukavuka mteremko, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nikaliona shamba lake.

Mahindi yote yalikuwa yamekauka yakiwa mafupi, mabua membamba ya rangi ya udongo, mengi bila hindi hata moja. Katikati, penye mawe, palisimama mraba. Mabua yamenipita urefu. Magugu hakuna hata moja. Mawe yameokotwa, yamepangwa kando ya kamba kwa unadhifu. Ardhi ndani ya kamba ilikuwa nyeusi, na nje ilikuwa imepasuka.

Bwana Shamba aliniita mara mbili kabla sijageuka.

"Umefanya nini hapa?" nikamuuliza Mama Pacha.

"Nimetunza."

"Umetunza vipi?"

"Samadi kwanza. Mvua ilipokatika, maji. Ndoo sita kila baada ya siku mbili." Aliongea kwa fahari, macho yakinitazama usoni kungoja nifurahi. "Siku nyingine sita, siku nyingine tano, mgongo ukikataa."

"Na huku nje?"

"Huku nje nitayatoa wapi maji? Kisima chenyewe kinatoa matope."

"Sasa si ungemwagilia kwingine, upate cha kula?"

Akanitazama kama mtu anayeelezwa jambo na mgeni asiyejua lugha.

"Nje ni kwangu," akasema. "Ndani ni kwako."

Tulivuna mraba. Kilo 5.4. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikachomoa namba nyingine, nikahesabu hatua, nikapima mita tano kwa tano pale zilipoangukia, tukavuna vihindi vilivyokuwepo. Kilo 1.3. Mama Pacha aliitazama mizani, akanitazama mimi, uso ukambadilika. Akajitanda kanga vizuri, akarudi nyumbani bila kuaga.

Njiani nilimsimamisha Bwana Shamba.

"Ulijua?"

"Nilijua nini, mama?"

"Kwamba wanaitunza miraba."

"Kila mtu anajua." Alishangaa kweli. "Ukimpigia mtu vigingi vya serikali shambani, utegemee aviache viote magugu? Mimi nilidhani ndiyo sababu ulivipiga mapema."

Basi hakuna aliyenidanganya. Walilia njaa kwa sababu wana njaa. Mimi ndiye niliyewaonyesha mapema mahali nitakapopima, nikawatungia kanuni ya kutokagua, kisha nikawaita waongo kwenye daftari hili, siku nne tu zilizopita. Sifuti. Ibaki nione haya.

14 Julai

Mkuu hakucheka leo. "Namba ikishatoka imetoka," anasema. Akiiondoa ataonekana hajui kazi. Nikamwambia asiyejua kazi ni mimi, na nitaandika hivyo. Akachezea kalamu.

Mpango wangu ni huu: mashamba ishirini kati ya sitini, kwa bahati nasibu. Katika kila moja napima mraba mpya nje ya kamba, siku ileile, bila taarifa. Nikijua mavuno ya nje ni sehemu gani ya mavuno ya ndani, naweza kuirekebisha namba nzima. Kikwazo ni kwamba kila siku watu wanavuna na ushahidi unakwenda jikoni. Nimebakiwa na siku kumi na saba.

"Pikipiki chukua," Mkuu akasema mwishowe. "Sahihi yangu hupati."

16 Julai

1.8. 1.1. Nauliza kila mwenye shamba kwa nini alitunza mraba, naweka alama kwenye karatasi. Wa kwanza kasema alidhani miraba mizuri italetewa mbolea. Wa pili kasema aibu.

18 Julai

2.2. 0.9. Aibu. Mashindano, alisikia jirani yake ana mraba mzuri.

21 Julai

1.6. Shamba la pili leo lilikuwa limevunwa lote jana. Tumerudi mikono mitupu, kilomita thelathini na nne. Jumapili, sikupokea simu ya Dada.

23 Julai

1.9, 1.4, 2.0. Mzee mmoja alitembeza mbuzi wake mbali na mraba miezi mitatu, mbuzi wakala mahindi yake mengine. Mbolea, kasema. Hakuuliza kama italetwa. Bwana Shamba amenipa nusu ya chakula chake, tukala tumesimama.

26 Julai

Yametimia ishirini, pamoja na la Mama Pacha, maana nalo namba zimelichagua. Nimepita mbele ya nyumba yake mara nne siku hizi. Mlango huwa umerudishwa.

Sababu: aibu, nane. Mbolea, saba. Mashindano, watano. Mama Pacha nimemweka kwenye aibu, kwa yale aliyoyasema siku ya vigingi.

27 Julai

Wastani wa ndani, 5.2. Wastani wa nje, 1.6. Yaani magunia mawili na nusu kwa eka. Nimerudia hesabu mara tatu, natamani nikosee upande wowote.

Nimeandika barua. Nimeandika kwamba kosa ni la mpangaji wa kazi na si la wakulima wala la ofisi ya wilaya, kwamba miraba ilionyeshwa mapema na hilo halifanywi. Mkuu aliisoma akiwa amesimama.

"Unajua unajichimbia mwenyewe?"

"Najua."

Aliisoma tena. Akaketi, akatia sahihi yake chini ya yangu, haraka, kama mtu anayemeza dawa. Tumeituma saa tisa alasiri.

28 Julai

Kimya.

29 Julai

Kimya. Nimefagia chumba mara mbili.

30 Julai

Wamepiga. Namba mpya imepokelewa na wilaya imerudi kwenye orodha, mgao utaanza mwezi ujao. Nilishika ukingo wa meza. Kisha yule bwana akasema, kwa sauti ya upole, kwamba kazi ya wilaya hii atapewa mwingine, nami niripoti makao makuu tarehe tano, nitapangiwa masijala kwa sasa. Nilisema asante. Nilimaanisha.

Bwana Shamba alipoambiwa aliingia chini ya pikipiki na spana, akakaa huko muda mrefu. Pikipiki haikuwa na ubovu.

3 Agosti

Nimekwenda kuaga. Mlango ulikuwa umerudishwa, nikabisha, nikaketi barazani bila kukaribishwa. Baadaye akatoka na vigoda viwili.

"Nimesikia mgao unakuja," akasema.

"Unakuja."

"Wanasema ulipima upya. Wengine wanasema umetuandika kwamba sisi wezi."

"Nimeandika kosa ni langu. Bwana Shamba aliiona barua, muulize."

Nilimwomba radhi kwa ile siku, kwa jinsi nilivyomuuliza mbele ya mtu. Nikamwambia naelewa kwamba alionea aibu yale mawe.

"Aibu?" Akanigeukia. "Nani kakwambia aibu?"

"Si ulisema mwenyewe, nimepiga vigingi kwenye aibu yako?"

"Yale maneno ya siku ya kwanza! Sikujua hata jina lako." Alivuta kigoda karibu. "Sikiliza, shoga yangu. Mwaka juzi alikuja kijana, kapima. Namba zikawa mbaya. Hakurudi tena. Kabla yake alikuja mwingine, namba mbaya, hakurudi. Wewe ukaja ukakaa hapa na ungo wangu, ukaniambia huko kwenu anayekusubiri ni friji. Nikasema huyu namba zake hazitakuwa mbaya. Huyu atarudi mwakani."

Nilitazama ungo wake, umetundikwa ukutani.

"Sasa unarudi lini?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Alitikisa kichwa taratibu, akauliza kama ni kwa sababu ya maji yake. Nikasema hapana, ni kwa sababu ya vigingi vyangu. Sidhani aliniamini. Tulishikana mikono hadi jua likatufikia barazani, ikabidi niende nikafunge mizigo.

Nimerudi chumbani, nimeitoa karatasi ya sababu, ile itakayobaki kwenye jalada. Nimefuta alama moja kwenye aibu, zimebaki saba. Kwa utaratibu wetu, sababu iliyotajwa na mtu mmoja tu haipewi nafasi, inawekwa chini kabisa, kwenye "Nyinginezo". Nimewafundisha vijana hivyo miaka ishirini na miwili: mmoja kati ya ishirini hasemi kitu. Nimechukua rula, nikachora safu mpya, nikaandika juu yake "Ili mpimaji asiondoke", na ndani yake nikaweka alama moja.